Siku Tuliyotupa Chai Ziwani

Miaka mitatu nilifundisha historia ya Amerika bila kitabu wala ramani. Nilichora bahari kwa chaki, nikaandika "Boston" pembeni, na wanafunzi wangu wa mwaka wa tano wa sekondari wakanakili huku wakipiga miayo. Kisha mwenzangu, mwalimu wa Kiingereza, akapata kwenye simu kurasa za kusaidia walimu wa historia, tukakaa katika biro ya shule mchana mzima akinitafsiria. Ukurasa mmoja ulishauri wanafunzi waigize jinsi watu wa Boston walivyokataa kodi ya Mwingereza, wakapanda meli zilizoleta chai yake na kuimwaga baharini.

Nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu. Sisi tuna ziwa!

Alhamisi tuliteremka ufukweni. Papa mmoja, mzee mvuvi wa pale Zongwe, alituazima mtumbwi. "Musiuzamishe tu, Mama Mwalimu." Tulikuwa tumejaza nyasi kavu kwenye mifuko na kuiandika CHAI kwa mkaa. Wasichana wanne wakajipaka masizi usoni wasitambulike, kama watu wale wa Boston, wakapanda mtumbwi. Wengine wakasimama kwenye maji ya magoti wakipiga kelele: "Hatulipe! Hatulipe!"

Mfuko wa kwanza ukaruka. Wa pili, wa tatu.

Mama wauza samaki waliokuwa ufukweni hawakuona nyasi, waliona mifuko ya unga.

"Banatupa unga mu maji!"

Mama mmoja mnene akaacha beseni lake, akaingia ziwani na kikwembe chake kiunoni. Wenzake wakamfuata. Nilikimbia kuwazuia. "Hii njo masomo, mama! Hii njo historia!" Nikateleza, nikakaa chini, maji yakanifika kifuani. Darasa zima likaangua kicheko, na mwenye mtumbwi akashika tumbo. Nami nilicheka mpaka nikashindwa kusimama.

Yule mama akafungua mfuko, akatoa nyasi, akanitazama.

"Mwalimu, njo unga gani hii?"

Nikamweleza pale pale majini: mfalme wa mbali, kodi, chai.

"Banalipisha bantu bila kubauliza?"

"Ndiyo, mama."

"Na chai yote ikaenda mu maji?"

"Yote."

Akafikiri. "Balifanya vizuri. Lakini bangebakisha hata kikombe kimoja."

Wakataka kujua yaliyofuata. Basi nikakaa mchangani, nguo zikichuruzika, mama na wanafunzi wamenizunguka, nikasimulia vita mpaka uhuru. Msichana mmoja mwenye masizi akauliza, "Na batumwa? Bao pia balipata uhuru?"

"Hapana. Walingoja miaka mingi sana."



"Basi hii historia haiyaisha," mama yule akasema. "Utaendelea lini?"

Jumatatu mkuu wa shule aliniita. Niliingia biro yake, maneno ya kuomba radhi yako tayari mdomoni. Akavua miwani.

"Mama watatu wamekuja asubuhi hii na mabeseni ya samaki kichwani," akasema. "Wanauliza historia ya Amerika inafundishwa siku gani."