Siku Niliyoukana Mkono Wangu

Nina aibu kulisimulia hili, na kwa miaka miwili nimewaacha watu wa mtaani kwetu Makole walisimulie kwa niaba yangu wakiongeza chumvi wanavyotaka, lakini leo heri mlisikie kwangu mwenyewe.

Nilikuwa nacheza judo. Najua, mtu akiniona sasa nikishika kikombe kwa mikono miwili haamini, lakini katika klabu yetu ndogo hapa Dodoma nilikuwa naogopwa kidogo (na nilipenda kuogopwa, nisiwafiche). Siku mbili kabla ya kushindana na wenzetu wa Kongwa niliangukia kichwa mazoezini, shingo ikakaza na vidole vya mkono wa kushoto vikawa vinawaka moto, nikanyamaza. Asubuhi ya mashindano kocha wetu, Mwalimu Hamisi, aliniona nageuka mwili mzima kama fisi ili nimsalimie mtu, akauliza, "Nyemo, shingo vipi?"

"Nzima, mwalimu. Nimeilalia vibaya tu."

Nilidanganya kwa sababu baba alikuwa ametoka Gulwe kuja kunitazama kwa mara ya kwanza, yeye aliyezoea kusema kukabana nguo si mchezo wa binti wa mtu, na alishakaa mstari wa mbele na koti lake la kanisani.

Mpinzani wangu aliitwa Rehema, msichana mpole mwenye mikono ya chuma. Hatukumaliza dakika moja, akaninyanyua. Kwenye judo ukitua mgongo mzima umeshindwa, kwa hiyo nikiwa hewani nikajipindua nikatanguliza kichwa (jambo tulilokatazwa tangu siku ya kwanza), ili baba asinione nikishindwa.

Sikusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilijikuta nimelala kifudifudi, shavu kwenye mkeka, na mbele ya pua yangu kulikuwa na mkono wa mtu, kiganja juu, vidole vimekunjika kama vya mtu aliyesinzia.

"Rehema, toa mkono wako usoni kwangu," nikasema kwa sauti.

Akajibu kutoka mbali, upande wa miguuni. "Dada, huo ni wako."

Watu wakacheka. Nami nikabisha, nikamwambia mwamuzi kabisa kwamba si wangu, wangu naujua, mpaka nikaona chini ya kidole gumba kovu la mafuta ya maandazi, kovu langu. Nikauambia usogee. Ukanitazama tu. Kicheko kikakatika ghafla, nikaona maji yakitambaa mkekani kuja usoni kwangu, nikajiuliza nani kamwaga maji (nilikuwa nimevaa nyeupe, kila mtu alishaona yanatoka kwangu isipokuwa mimi).

"Msimguse, msimgeuze," Mwalimu Hamisi alikuwa akisema.

Baba akavua koti akanifunika kiunoni, kisha mzee yule akalala chini kifudifudi mbele ya ukumbi mzima ili macho yetu yakutane.

"Shikamoo baba," nikasema. Sijui kwa nini.

"Marahaba mwanangu. Usitikise kichwa."

Hospitali walisema uti wa mgongo ulibanwa shingoni. Miguu ilirudi jioni ile, mkono wa kulia baada ya wiki bila nguvu zake za zamani, wa kushoto umerudi nusu na umekomea hapo. Judo ikaisha.

Mwezi wa tatu tangu siku ile Rehema alikuja kuniona. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaniambia naye ameacha, kila akimshika mtu kola mikono yake inakataa.

"Dada, ile sauti uliisikia?" akauliza. "Ya shingo?"

"Sikusikia kitu."

"Mimi naisikia kila nikiosha vyombo."

Tukalia wote wawili, nami nikamwomba radhi, maana yeye alinitupa kihalali na mimi ndiye niliyemficha kwamba anamtupa mgonjwa. Tangu hapo mtu akiniuliza hali ya mwili wangu namweleza mpaka achoke, hata kama aliniuliza kwa salamu tu.