Asubuhi Nilipoipanga Upya Kibodi

Kompyuta yangu inatumia Linux, mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua ndani na kuubadilisha apendavyo. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza chumbani kwetu Mwanjelwa, Mbeya, kwa kuharibu na kutengeneza, kisha kuharibu tena kile nilichokwisha kutengeneza kwa sababu rangi ya upau wa chini wa skrini haikulingana na ya juu. Mama alizoea kunikuta nimeinama hapo na chai imepoa. "Bado inaumwa?" aliuliza. Haikuwa inaumwa. Ilikuwa nzima tangu wiki iliyopita, ila mimi nilikuwa sijaridhika.

Kazi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa kibodi. Kiswahili kimejaa herufi A, na kwenye kibodi ya kawaida hiyo A imewekwa chini ya kidole dhaifu kabisa. Nikahamisha herufi, nikaziandikia mpango wangu mwenyewe, A ikakaa chini ya kidole cha shahada. Kasoro moja tu ilibaki: kompyuta ilipowashwa, kwenye skrini nyeusi inapoomba neno la siri la kufungua diski, kibodi ilikuwa bado ile ya zamani. Sekunde kumi kwa siku. Zilinikera kama kokoto ndani ya kiatu.

Babu alipofariki, tulipanda basi mimi na mama kwenda Iringa, kisha Kilolo. Mama ni mtoto wake wa nje. Alizaliwa kabla babu hajaoa, akalelewa Mbeya kwa mama yake, na pale nyumbani kwa babu walimpokea vizuri kama mgeni anavyopokewa vizuri.

Kwa kuwa nina kompyuta, nilipewa kazi ya kuandika historia ya marehemu, ile inayosomwa kabla ya kwenda kaburini. Wanaukoo walikaa tangu mchana. Walibishana kuhusu mwaka aliobatizwa, kuhusu nani aanze kutajwa, mwisho kuhusu mama. Mama hakuwepo, alikuwa jikoni akimenya viazi na wanawake wengine. Shangazi mmoja wa ukoo alisema mambo ya ujana wa mtu hayasomwi mbele ya mchungaji. Mjomba, mtoto wa kwanza wa ndoa, alimsikiliza hadi mwisho, akanigeukia.

"Aliyezaliwa amezaliwa. Andika watoto wanane, na wa kwanza ni mama yako."

Nikaandika. Jioni mama aliniuliza, "Wamefikia wapi?" Nikamwambia, "Utasikia kesho." Nilitaka alisikie jina lake likisomwa.

Steshenari ya kuchapia ilikuwa ifunguliwe saa mbili asubuhi. Mimi niliamka saa kumi na mbili. Baridi kali, chai haijaiva, na nilikuwa na muda. Hapo ndipo nilipoamua kuimalizia kibodi yangu, ifanye kazi tangu kwenye ile skrini nyeusi. Flashi ya kupelekea kuchapa ilikuwa mfukoni, tupu. Kunakili faili kungechukua muda wa kupiga chafya. Sikunakili, kwa sababu nilitaka kwanza kurekebisha nafasi kati ya aya.

Nilibadilisha nilichobadilisha, nikazima, nikawasha. Kompyuta iliomba neno la siri. Nikaandika. Ikakataa. Nikaandika kwa mpangilio wa zamani. Ikakataa. Nikaandika polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mjomba alikuja saa mbili na nusu, koti la mvua begani. "Karatasi iko wapi?"

"Kompyuta imegoma, mjomba."

"Imegomaje? Jana si ilikuwa inaandika?"

"Nafikiri ni umeme. Ulikatika ukarudi ghafla."

Umeme haukuwa umekatika. Aliniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo inayonichoma hadi leo. Akatoa mfukoni karatasi ya mkono, rasimu ya kwanza waliyoiandika kabla ya kikao. "Basi hii. Ongezea yale ya jana kwa kalamu." Akanipa na kalamu.

Ingetosha kukata neno moja na kuongeza mstari mmoja. Lakini karatasi ilikuwa imekunjamana, ina doa la chai, na nilikuwa na uhakika kwamba jaribio lijalo litafungua. Niliiweka pembeni. Nilijaribu mara ishirini, labda zaidi. Mzee wa kanisa aliyepangwa kusoma alipita akauliza, "Ndiyo hii?" Akaichukua. Nilisema ndiyo bila kuinua kichwa.

Nilikuwa nimekaa karibu na mama iliposomwa. "Marehemu ameacha mjane na watoto saba." Majina yakafuata. Mama aliyafuatilia huku midomo ikicheza kidogo, hadi la mwisho. Mwanamke wa mbele yetu aligeuka.

"Wewe wa Mbeya, mbona hujasomwa?"

"Mimi nimekuja kuzika tu," mama akasema.

Tuliondoka jioni ile ile, matanga hayajaisha. Nilipofika Mwanjelwa nilichomeka flashi yangu ya kuokolea, inayowasha kompyuta iliyogoma, ambayo sikuwa nimesafiri nayo, na ndani ya robo saa nikajua kosa. Nilipanga herufi zote, nikasahau safu ya namba. Neno langu la siri lina namba nne. Kwa kibodi ile lisingeandikika hata ningejaribu mwezi mzima. Faili lilikuwa zima, na mstari wa mama ulikuwepo.

Sikumwonyesha. Kwa miezi saba mjomba alikuwa akipiga simu, na mama akiiacha iite. Mimi nilikuwa chumba hicho hicho, naisikia.

Kisha ukaja ujumbe kwamba wanajengea kaburi, tuhudhurie. Mama alisoma, akarudi kwenye mchele wake. "Waniitie nini? Saba wanatosha."

Nikamwambia. Nilianza na namba na kibodi, akanikatiza: "Sema unachosema." Nikasema. Akafuta mikono kwenye khanga, akasoma mwenyewe kwenye skrini, kidole kikitembea chini ya mstari.

"Nani alisema niandikwe?"

"Mjomba."

"Na ulikuwa unajua. Miezi yote hii."

"Ndiyo, mama."

Hakunifokea. Alichukua simu, akatafuta namba, akabonyeza, akanipa mimi. Iliita mara mbili tu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ile kompyuta yako ilipona?"

Mama alikuwa ananitazama.

"Mjomba," nikasema, "haukuwa umeme."