Mpiga Pasi na Fundi Vigae Wapelekwa Kula Raha

Mama Pacha alikuwa amepiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa. Kutwa nzima alisimama mbele ya mashine ndefu ya mvuke, akiilisha shuka moja baada ya jingine, mpaka miguu ikafa ganzi. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi wa vigae, na kazi yake yote ilikuwa ya magotini. Majirani waliwatania kwamba katika nyumba ile mmoja hajui kukaa na mwingine hajui kusimama.

Mabinti zao, wale mapacha walioipa nyumba jina, walipoolewa na kupata kazi zao, walikuja siku moja na bahasha.

"Hoteli ya kando ya ziwa, siku mbili," alisema pacha mkubwa. "Kila kitu tayari. Kazi yenu ni kula na kulala."

"Na picha mtutumie," akadakia mdogo. "Msiende huko mkajifungia chumbani kama wagonjwa."

Wakaenda. Walifika Ijumaa jioni, wakaanguka kitandani kama magunia. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri macho yakamfumbuka Mama Pacha kama kawaida, na alipogeuka akakuta na mumewe yuko macho, anatazama dari. Hakukuwa na wa kumwahi wala cha kuwahi. Akainuka akatandika kitanda.

"Hili shuka halikunyooshwa pindoni," alisema.

"Na huku vigae vimepishana," Baba Pacha akajibu kutoka bafuni. "Aliyeviweka alikuwa na haraka ya kwenda kwao."

Wakacheka kidogo.

Kifungua kinywa kilikuwa cha kumshibisha bwana harusi na kamati yake: matunda yaliyokatwa kwa mapozi, mayai ya namna tatu, mikate ya moto, maziwa, asali. Mara mbili Mama Pacha aliinuka ili apeleke vyombo jikoni, na mara mbili dada mhudumu akamrudisha kitini: "Mama, kaa tu, jamani." Akakaa. Mumewe alikuwa mbele yake, mweupe wa nywele kuliko alivyomdhania. Nyumbani mmoja hula wakati mwingine anaoga. Mmoja hutoka wakati mwingine ndiyo kwanza anavua viatu.

"Hivi zamani tulikuwa tunazungumza nini?" akamuuliza.

Baba Pacha alitafuna, akafikiri. "Watoto."

"Na kabla ya watoto?"

"Kabla ya watoto tulikuwa tunacheka. Ila sikumbuki tulikuwa tunacheka nini."

Baada ya chakula ilikuwa zamu ya kukandwa mwili. Baba Pacha aligoma katakata, akasema yeye si unga. Mama Pacha akaenda peke yake, akalala kifudifudi kwenye kitanda chembamba chenye taulo la moto, mkandaji akamshika bega la kushoto, na hapo hapo usingizi ukamchukua. Alipozinduka, mate yamemtoka na muda umekwisha.

"Umenikanda?"

"Mwili mzima, mama."

Alisikia uchungu, kama mtu aliyepewa pipi akaimeza na karatasi yake.

"Huu mkono uliungua lini?" mkandaji aliuliza taratibu.

"Zamani."

"Hili si kovu la zamani, mama."

Mama Pacha akavaa gauni lake la mikono mirefu, akashukuru, akatoka.

Alimkuta mumewe kwenye kiti cha kulalia kando ya bwawa la kuogelea, kofia usoni. Hata hajakaa vizuri, simu ikaita. Mapacha wote wawili, vichwa vimebanana kwenye kioo.

"Mnakula raha?"

"Raha mpaka basi!" alisema Mama Pacha.

"Baba yuko wapi? Aingie kwenye maji tumwone!"

Baba Pacha akakunja suruali, akajishusha ukingoni mwa bwawa, akatumbukiza miguu, akainua glasi ya juisi juu kama mgeni rasmi. Mabinti wakapiga vigelegele, picha zikapigwa, wakaagana. Simu ilipokatika, tabasamu likawadondoka wote wawili kwa pamoja.

"Twende tukale," alisema Mama Pacha. "Wameshatandika meza."

"Tangulia, nakuja."

Akatangulia. Akakaa, supu ikaletwa, ikaanza kupoa. Kule bwawani mumewe alikuwa palepale, miguu majini. Mwanzoni alidhani anaburudika, akamwacha. Kisha akamwona anageuza shingo kulia na kushoto, anatafuta kitu cha kushika, na hakipo. Akajaribu kujisukuma kwa viganja, akarudi chini. Akajifanya anatazama maji.

Mama Pacha akaacha kijiko. Alimfikia, akainama, akampa mkono bila neno. Baba Pacha akaukamata juu ya kifundo, akavuta, na mkewe akapiga ukelele uliowafanya wageni wengine wageuke.

Baba Pacha alisimama, lakini hakuuachia ule mkono. Akampandisha mkewe mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko. Nyama ilikuwa nyekundu, inang'aa.

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Nilisinzia nimesimama, mashine ikanigusa." Akavuta pumzi. "Na magoti yako?"

"Mwaka sasa. Kazini naegemea ndoo, au mwenzangu ananinyanyua."

"Na nyumbani?"

Baba Pacha alitazama pembeni. "Nyumbani nasubiri utoke chumbani."

Walirudi mezani wakitembea kama watu waliotoka msibani. Samaki wa kuokwa akaja, na viazi, na mboga zilizopangwa kwa rangi. Baba Pacha akamchambulia miiba, akamsogezea sahani.

"Natamani nilie, sina nguvu," alisema Mama Pacha.

"Basi kula."

Wakala, polepole, mpaka dada mhudumu akaja kuuliza kama chakula kina kasoro. Hakikuwa na kasoro. Wakaomba keki wapelekewe chumbani, na mchana ule wakalala hadi saa kumi na mbili jioni, madirisha wazi, viatu miguuni.

Mabinti hawakuambiwa kitu. Kwenye zile picha wanaonekana wamenawiri. Kazini Mama Pacha aliomba ahamishiwe kwenye meza ya kukunja, ambako mtu anaweza kukaa; msimamizi akamwambia asubiri nafasi, akasubiri miezi minne, akaipata. Baba Pacha alimalizia sakafu aliyokuwa ameianza, na tangu hapo anachukua kazi za ukutani tu, juu ya kigoda. Magoti hayajapona. Asubuhi nyingine anaita, "Mama Pacha, njoo uninyanyue," naye anakwenda, akilalamika njia nzima kwamba mwanamume yule amekuwa mzito.