Tajiri wa kanga aliyenunua prosesa kwa doti

Wakuu, salaam kwenu nyote, pamoja na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata neno.

Nimepita kwenye ule uzi wa kugombania prosesa ya kampuni gani ni bora, nikakuta watu wazima wanatukaniana wazazi kwa ajili ya kipande cha silikoni. Nimefurahi sana. Nimekumbuka nyumbani.

Ninachosimulia kilitokea Mombasa, katikati ya miaka ya tisini. Sikuongeza chumvi. Chenyewe kilikuja na chumvi yake.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili. Nikabeba magunia kwenye magodauni ya Shimanzi, nikauza betri za saa, nikachoka, nikaanza kufungua kompyuta za watu nijue ndani mna nini. Wakati huo, ukifungua mashine na kuifunga bila skrubu kubaki mkononi, wewe ni injinia.

Bwana Fazil alikuwa na duka la kanga Biashara Street. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la Bwana Munir, shemeji yake. Walipendana sana hawa. Mmoja akipaka duka rangi, mwenzake anapaka mara mbili.

Basi Bwana Munir akanunua Pentium, kompyuta mpya kabisa ya wakati huo. Akaiweka mlangoni, stika inatazama barabarani, pale pale wanapotundika kanga mpya. Kazi haikuwa nayo. Mwenyewe alichezea karata humo kutwa, kwa kasi ya ajabu.

Bwana Fazil alikuwa na 486, kizazi cha kabla ya Pentium, tena ile SX, aina ya chini isiyo na sehemu ya kupiga hesabu za desimali. Lakini ya kwake ilifanya kazi. Bi Mwanajuma, dada mmoja wa Majengo, aliitumia kuchora kanga: mji wa katikati, pindo na jina. Akisogeza ua moja, mashine inachora kanga nzima upya, taratibu, kama kibarua anayelipwa kwa siku. Bi Mwanajuma hutoka akanunua mahamri, akirudi pindo la mwisho bado.

Jumatatu moja niko pale nasafisha printa, Bwana Fazil akaingia amekunja uso. Amesikia Munir ana mchoro wa Idi, karibu unakwenda kiwandani nje ya nchi.

"Ijumaa diski ya mchoro wangu wa Idi iwe mkononi mwa msafiri," akamwambia Bi Mwanajuma. "Ikishindikana, kazi hii nampa mpwa wangu. Yule ana mkono mwepesi."

"Mkono wangu una nini, Bwana Fazil? Iambie hiyo mashine."

"Mashine silipi mshahara."

Hoja ilikuwa nzito. Ila nyumba nzima ya Bi Mwanajuma ilikula kwa mkono ule mzito.

Nikajitia kimbelembele. Nikasema hakuna haja ya mashine mpya. Mpinzani wa kampuni inayotengeneza Pentium alikuwa ametoa prosesa inayoingia kwenye soketi ya 486, yaani kikalio cha prosesa kwenye bodi, na kukimbia karibu na Pentium za mwanzo. Sharti moja: inakula umeme mdogo kuliko unaotolewa na bodi ya zamani. Lazima ikae juu ya kipande maalumu cha kuupunguza.

Bwana Fazil akaenda kununua mwenyewe. Fundi utamwamini vipi na bei?

Jumatano asubuhi akarudi na prosesa mbili.

"Nimechukua doti," akasema.

Kwa wageni: kanga huuzwa mbili mbili, ndiyo doti. Mtu wa Biashara Street akiona kitu kimoja peke yake, anakionea huruma.

"Bwana Fazil, bodi hii ina soketi moja."

"Kule Shimanzi, kwa wale wa malori, nimeona mashine ya prosesa mbili."

"Ile ni server. Bodi yake imeundwa hivyo tangu kiwandani."

"Na hii itazoea."

Nikauliza kipande cha kupunguza umeme kiko wapi. Akasema muuzaji alimtajia kitu kama hicho, akakikataa. Hakikuwa hata na stika.

Nikaipachika prosesa moja kwenye soketi nione kama miguu inaingia. Nikasema, wallahi Bi Mwanajuma ni shahidi, mtu asiwashe. Nikashika njia ya Moi Avenue kufuata kipande.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Bi Mwanajuma. Bwana Munir alivuka barabara kuja kusalimia. Wakaulizana nyumbani, watoto, wazee, biashara, na walipofika kwenye afya Munir akaitupia jicho meza.

"Shemeji, hii si bado ile ya zamani?"

"Ya zamani?" akasema Bwana Fazil, na akabonyeza swichi.

Nimpe haki yake: iliwaka. Ikahesabu RAM mbio mbio, Bwana Munir akainama kuitazama. Kisha ikaja harufu.

"Bwana Fazil," akasema Bi Mwanajuma, "naona kama waunguza."

"Ni udi mpya huo, shemeji?" Munir akauliza, akarudi dukani kwake kwa adabu zote.

Niliporudi, prosesa ilikuwa maiti. Umeme mwingi, na feni sikuwa nimeifunga. Bi Mwanajuma ameketi, mkoba wake mapajani, umefungwa.

"Fundi, nambie kweli. Niende zangu?"

Na mimi niliyeicheka doti asubuhi nzima nikanyoosha mkono. "Bwana Fazil, nipe ile ya pili."

Bodi, kwa bahati, ilikuwa hai. Nikaweka kipande, prosesa juu yake, feni juu ya prosesa. Tukawasha. Bi Mwanajuma akasogeza ua. Kanga ikajichora kabla hajainua mkono. Akalirudisha ua, akalisogeza tena, kama mtu anayehisi anadanganywa. Aliufungua mkoba, akatoa miwani.

Diski ikaondoka Ijumaa. Mpwa akabaki na mkono wake mwepesi.

Bwana Fazil akawa anatangazia barabara nzima: "Ningenunua moja kama alivyotaka fundi, leo tungekuwa wapi?" Na Bwana Munir, mtu wa kujifunza, akaongeza Pentium ya pili pembeni ya ile ya kwanza.

Funzo: kabla hujachagua kampuni, uliza bodi yako ina soketi gani na inatoa umeme kiasi gani. Stika haipigi hesabu.

Wiki ile ile, Bwana Fazil akitaka sifa zisikike ng'ambo ya barabara, aliuliza kwa sauti, "Haya, mashine yaendaje?"

"Yaenda vizuri. Nimemaliza, nakwenda zangu nyumbani."

"Alasiri hii? Na kasi yote niliyokununulia?"

"Ndiyo hiyo naondoka nayo," akasema Bi Mwanajuma, akajitanda kanga yake akatoka.

Karibuni mchangie, wakuu. Nani mwingine aliunguza prosesa kwa ajili ya shemeji?