Nilipata Kiti, Mama Akinyi Akaondoa Meza Yake

Leo ni Jumapili, mwezi wa Juni 2025. Imetimia miaka ishirini na saba tangu niondoke Nairobi, na sijarudi hata kwa mazishi. Admin, tafadhali nifichie jina. Nina umri wa miaka sitini na mitatu, mke wangu alishafariki, na ninaishi Botswana katika mji ambao hakuna anayenisalimia kwa Kiswahili. Kwenye simu yangu kuna ujumbe ambao nimeshindwa kuujibu kwa wiki tatu. Nawaandikia ninyi kwa sababu hamnijui.

Mwaka 1996 niliajiriwa kuwa muuguzi wa shule moja ya msingi kati ya mitaa ya Baba Dogo na Lucky Summer, Nairobi. Nilitoka hospitali ya wilaya kule kwetu Ukambani, ambako wodi moja ilikuwa na wauguzi sita na mazungumzo mchana kutwa. Shuleni nilikuwa peke yangu. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, kitanda kimoja, kabati lenye kufuli na daftari la wagonjwa. Katika ofisi ya walimu kila kiti kilikuwa na mwenyewe. Siku ya kwanza nilikalia kimojawapo. Mwalimu akaja akasimama mbele yangu na kikombe chake mpaka nikainuka. Tena hawakuwa wamemzoea muuguzi mwanamume. "Sista amefika," walisema nikipita. "Sista, leo gauni umeacha wapi?" Nikicheka, walicheka zaidi. Nisipocheka, nilikuwa na maringo. Nikaanza kula chakula cha mchana chumbani kwangu, mlango nimeurudisha.

Aliyenisemesha ni Mama Akinyi, aliyeuza mandazi langoni. Mumewe alikuwa kibarua kiwandani, na binti yao Akinyi alisoma darasa la sita hapo hapo shuleni. Aliniita kabla sijamaliza kuvuka barabara.

"Daktari! Kunywa chai kwanza. Ugonjwa haitakimbia."

"Mama Akinyi, mimi si daktari."

"Wacha hiyo. Mwenye ako na sindano ni daktari."

Aliniwekea kistuli cha kukunja kando ya meza yake, na kwa muhula mzima kile kistuli ndicho kilikuwa Nairobi yangu yote.

Muhula wa pili nikataka kazi yangu ionekane. Hospitalini tulizoea kupita kitanda kwa kitanda na kumpaka dawa pale pale anayehitaji. Nikafanya vivyo hivyo kwenye paredi ya Jumatatu. Niliwapata watoto kumi na mmoja wenye mashilingi, vile viduara vya ugonjwa wa ngozi vinavyotokea kichwani, nikawapaka dawa ya zambarau mbele ya shule nzima. Wodini hakuna wa kumcheka mwenzake, kwa kuwa wote ni wagonjwa. Sikukumbuka kwamba paredi si wodi. Akinyi alikuwa wa nne. Alisimama wima, akafumba macho. Nyuma yake mtu akasema, "Cheki hiyo kichwa! Ni kama chupa ya wino!" Mistari yote ikaangua kicheko.

Kufikia mapumziko ya saa nne walikuwa wameshaunganisha mtoto na mama. "Mandazi ya mashilingi!" walipiga kelele, wakipita mezani pake huku wameziba pua. Siku ya tatu beseni lake lilikuwa bado limejaa adhuhuri. Akaja kwangu, akasimama mlangoni.

"Daktari, hii kitu inaingia kwa mandazi?"

"Haiingii. Huambukizwa kwa kugusana vichwa, kwa kofia, kwa kitana."

"Basi waambie. Wewe ukisema wataamini."

"Nitasema kesho paredini."

Uso wake ukakunjuka. "Sawa. Wacha nikakande unga."

Alasiri ile mwalimu mkuu aliniita ofisi ya walimu. Alisema wazazi wamefurahi, kwamba sasa shule ina mtu wa afya. Yule mwalimu wa kikombe akavuta kiti. "Sista... aa, samahani, Daktari. Kaa hapa." Nikakaa. Nikamiminiwa chai. Kisha mwalimu mkuu akauliza, "Na yule mama wa langoni? Tumwondoe?"

"Hiyo ni ya kuuliza?" mwenye kikombe akadakia. "Atatupikia ugonjwa mpaka lini?"

Wakacheka, na kwa mara ya kwanza hawakuwa wakinicheka mimi. Wote wakanitazama. Jibu nililijua. Lilikuwa sentensi moja, ile ile niliyomwambia Mama Akinyi saa moja kabla. Nikasema, "Hayo ni ya utawala." Nikanywa chai yangu.

Asubuhi alikuja na mandazi ya moto. Soja wa lango akamwamuru aondoe meza kabla ya kengele. Nilikuwa dirishani. Alifunika beseni kwa kitambaa, akakunja kistuli changu, akageuka kuitazama shule kama mtu anayemtafuta mtu. Paredini sikusema kitu. Kabla muhula haujaisha, Mama Akinyi na familia yake walirudi kwao magharibi. Kile kiti nilikikalia miaka miwili, na hakuna aliyeniinua tena. Kisha nikaja huku.

Sasa Akinyi amenipata kupitia kundi la waliosoma shule ile. Ameandika hivi: "Mum amezeeka, macho haioni vizuri. Kila akiongea juu ya Baba Dogo anakutaja. Anasema ni wewe pekee ulitaka kututetea, wakakuzuia kuongea paredi. Anataka tu kusikia sauti yako."

Hakuna aliyenizuia. Kisingizio hicho alinitungia mwenyewe, akakitunza miaka yote hii.

Nikimwambia ukweli, nitamnyang'anya mtu mwema mmoja aliyebaki naye kutoka Nairobi, naye ni mzee. Nikipokea shukrani zake nikanyamaza, nitakuwa nimekikalia kiti kile mara ya pili. Ninyi mliowahi kuomba msamaha mkiwa mmechelewa hivi, nishaurini: nikimpigia, nimwambie nini?

Akinyi ameuliza pia kama nitakuja, wanichinjie kuku. Kwa hilo sihitaji ushauri. Sitarudi.