Viganja vya Sajini Solfa

Mkuu wa chuo alikuwa na kozi tatu, mwalimu mmoja, na ulimi mtamu. "Sajini," alimwambia, "umeongoza askari, umeongoza bendi, na kila Jumapili unaongoza kwaya. Uongozi ni uongozi. Sasa nikamtafute nani mwingine?"

Basi ikawa hivyo. Asubuhi alifundisha uongozi wa kijeshi, kwenye uwanja ulio nyuma ya machimbo ya mawe. Mchana alifundisha kuongoza kwaya, katika chumba chenye kinanda ambacho vitufe vyake vinne vilikuwa vimekufa. Alhamisi ilikuwa zamu ya muziki wa kanisa, historia na nadharia, wanafunzi wakisinzia mpaka udenda unawatoka. Wakambandika jina la Sajini Solfa, naye akalipenda, ingawa mbele yao alijifanya kununa.

Mkewe ndiye ambaye hakufurahi. "Baba watoto, mshika mawili moja humponyoka."

"Mimi nimeshika matatu," akajibu, "kwa hiyo methali hiyo hainihusu."

Wakacheka. Ee Mungu, walicheka siku ile.

Tusimwonee. Hakuwa mtu mbaya. Aliingia jeshini akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa miaka ishirini na sita alichopiga ni tarumbeta tu. Vita alivisikia redioni kama mimi na wewe. Alikuwa na viganja vikubwa, na masikio ambayo yangekuambia ni nani kwenye besi ameamka na mafua. Amri yake ya kwanza, uwanjani na darasani, ilikuwa moja: "Macho kwangu!"

Kwenye kwaya hakusema neno kabla ya wimbo. Aliamini kwamba maneno yanaharibu pumzi. Aliinua viganja viwili polepole, kama mtu anayenyanyua beseni la maji, na kwaya nzima ikasimama. Akivigeuza na kuvishusha, wanakaa. Aliyechelewa kwa kupepesa jicho tu aliwaponza wenzake, maana walirudia simama-kaa hadi magoti yakalia.

Uwanjani mambo yalikuwa tofauti. Huko ilitawala filimbi. Mlio mmoja mrefu, bunduki chini, na hakuna anayeinuka. Yeye mwenyewe anapita kukagua kila bunduki. Mlio wa pili ndio wa kusimama. Bila filimbi hata ukiumwa na siafu unalala hapohapo.

Katika chuo kizima, aliyesoma kozi zote mbili, ya jeshi na ya kwaya, alikuwa msichana mmoja tu, waliyemwita Kengele kwa sauti yake. Mama yake alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyeshona majoho ya kwaya. Kengele aliimba sauti ya pili, na alikuwa mwepesi kuliko wote. Viganja vya mwalimu havijafika kifuani, yeye tayari wima.

Jumanne ile, wanafunzi watatu walilala kifudifudi mbele, na watatu walilala nyuma yao, wakipiga risasi juu ya vichwa vya wenzao kulenga ukuta wa udongo. Kila mmoja wa nyuma alikuwa na risasi tatu. Risasi tisa, hesabu ya mtoto wa chekechea. Mwalimu alisimama kwenye kichuguu pembeni akihesabu, lakini kichwani mwake alikuwa anapanga wimbo wa mahafali. Saba. Nane. Tisa. Kumbe ile ya tisa ilikuwa mwangwi kutoka machimboni. Yeye, mwenye masikio yale! Akapeleka mkono kifuani kuchukua filimbi. Haipo. Aliisahau jana juu ya kinanda.

Na ile mikono ikafanya ilichozoea. Ikainuka, viganja juu, polepole.

Kengele alikuwa mmoja wa wale watatu wa mbele. Wenzake wawili walikuwa wamezika nyuso mchangani kama walivyofundishwa. Wa nyuma macho yao yalikuwa kwenye shabaha. Kengele peke yake alikuwa amegeuza shingo kumtazama mwalimu wake. Akasimama. Akasimama kama wanavyosimama waimbaji, kidevu juu, kifua wazi. Hapo ndipo ikatoka risasi ya tisa.

Kijana aliyeifyatua hakusema tena neno lolote. Siku ya tatu ndugu zake walikuja kumchukua na sanduku lake la nguo.

Maofisa watatu walikaa nyuma ya meza katika chumba cha walimu, chini ya ratiba ya mitihani. Mkubwa wao akauliza, "Ulitoa ishara yoyote?"

"Hapana, afande."

"Sasa kwa nini alisimama?"

"Alisimama mwenyewe."

Yalimtoka kwa urahisi hata yeye akashangaa. Nani angempinga? Aliyemtazama alikuwa mmoja tu, na huyo hasemi tena. Ripoti ikaandikwa kwamba marehemu alikiuka amri. Mkuu wa chuo akamsomea mama mtu, akapunguza sauti alipofika kwenye sentensi hiyo, kana kwamba kuisema taratibu kunaipunguzia makali. Na kwa kuwa alikiuka amri, hatapata gwaride la heshima, wala tarumbeta kaburini.

Kesho yake fundi cherehani alimfuata mwalimu kwenye chumba cha kwaya. Futi kamba ilikuwa bado inaning'inia shingoni, nadhani alisahau kuivua tangu siku alipopata habari.

"Mwalimu," alisema, "mimi yule namjua. Tangu mdogo, hata kwenye kiti haketi mpaka aambiwe. Mtoto wa namna hiyo anainuka vipi mwenyewe katikati ya risasi?"

Mwalimu alitazama namba za futi kamba. "Vijana, mama. Pengine aliogopa."

"Haya." Alizungusha ncha ya futi kamba kidoleni. "Sina la kusema, nyie ndio mlikuwepo. Ila nina ombi. Jeshi limemkana mwanangu. Kwaya isimkane. Mwimbieni, na uongoze wewe. Alikuwa akija nyumbani ni mwalimu hivi, mwalimu vile, mpaka nakwambia nilikuwa naona wivu."

Angekataaje? Aliitikia, huku mkono mfukoni umeishika ile filimbi aliyoiondoa juu ya kinanda siku ileile, kabla maofisa hawajafika.

Mkewe aliikuta wakati wa kufua. Akaiweka mezani, kando ya sahani yake.

"Hii siku ile ilikuwa wapi?"

Akaendelea kumega ugali.

"Baba watoto. Ilikuwa wapi?"

Ndipo akamweleza, yote, mpaka viganja. Mkewe alivuta kiti akakaa. "Na huyo mama umemwambia?"

"Nikisema nitafungwa."

"Kwa hiyo mtoto wa watu azikwe na kosa lako?"

Alisukuma sahani. Aliogopa jela, ndiyo, lakini aliogopa zaidi uso wa yule mama. Aibu ilimtafuna kama mchwa, na bado hakusema.

Siku ya maziko alikuwa amepiga hesabu zake. Kwaya ingeingia imesimama, ingeimba, ingetoka. Hapangekuwa na haja ya ishara. Lakini mipango si matumizi. Mchungaji alipoona watu wamejaa hadi mlangoni, akasema, "Naomba wote tuketi, kwaya pia, tusikie kwanza neno." Wakaketi. Neno likasomwa, likaisha, na mchungaji akageuka. "Kwaya."

Mwalimu alikwenda mbele. Waimbaji arobaini, majoho ya bluu yaliyoshonwa na mikono ya mama mfiwa, na katika mstari wa sauti ya pili nafasi tupu ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia. Nyuma yake, benchi la kwanza, mama mwenyewe. Kando yake mkuu wa chuo na yule ofisa mkubwa.

Alitikisa kichwa kuwaashiria wainuke. Hawakuinuka. Alinyanyua nyusi. Wapi! Walikuwa wanatazama mikono yake, kama alivyowafundisha mpaka magoti yakalia. Akajaribu kusema "simameni," ikatoka pumzi tu, hata wa mstari wa mbele hawakusikia. Mchungaji akakohoa. Mtu fulani akanong'ona.

Viganja vikainuka.

Arobaini wakasimama kwa pamoja, bila neno, videvu juu, vifua wazi.

Kisha akasikia benchi likilia nyuma yake, na hatua za viatu vya mpira zikija. Hakugeuka. Fundi cherehani alisimama ubavuni pake, akaitazama ile mikono ambayo bado ilikuwa hewani.

"Mwalimu," alisema taratibu. "Ulimfanyia hivi?"

Ofisa alikuwa anasikia. Mkuu wa chuo alikuwa anasikia. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, na uongo ulikuwa palepale, umeshatumika mara moja, ungeweza kutumika tena.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nilimfanyia hivi."

Mama alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo cha nguo na kukuta ni kilekile alichokuwa nacho. Hakupiga kelele. Aligeukia waimbaji, wale wanafunzi waliosoma na mwanawe.

"Kaeni, wanangu," aliwaambia. "Kaeni chini."

Hakuna aliyekaa. Macho yote yalikuwa bado kwenye viganja vya mwalimu, yanasubiri.