Vitabu Vilivyolala Nyumba za Watu

Kwanza nilisikia mkwaruzo. Kwaru, kwaru, kwaru, kisha pumzi ya mtu anayepuliza vumbi, kisha kwaru tena. Jua la Kalemie lilikuwa limenijaa machoni tangu barabara kubwa, na umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo niliposukuma mlango wa maktaba sikuona kitu. Kulikuwa na giza tu, na ndani yake harufu ya karatasi iliyochanganyika na ya samaki wakavu.

"Simama hapo hapo," sauti ya mwanamume ilisema. "Mbele yako kuko vitabu chini. Ngoja macho yazoee."

Nikasimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Polepole nikaona meza ndefu, madirisha mawili yenye wavu, rafu sita ukutani, na mwanamume wa makamo amekaa kwenye kigoda, akisugua ukurasa kwa mswaki. Alikuwa akitoa mchanga. Miaka michache kabla ya hapo ziwa lilipanda likaingia mjini, likaingia na maktaba, na mpaka siku ile mchanga wake ulikuwa bado unatoka vitabuni, punje kwa punje.

Nilikuwa nimetoka Lubumbashi kwa ajili ya kitu kimoja. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa imekwama katikati. Ni hadithi ya msichana anayeuza chakula kwenye stesheni ya Nyunzu, kama bibi yangu alivyofanya kabla ya kuolewa, na kila mfanyakazi wa reli niliyemtia maneno mdomoni alizungumza kama mimi na rafiki zangu waandishi tunavyozungumza Jumamosi jioni tukibishana juu ya vitabu. Walikuwa watu wa karatasi. Kisha mwalimu mmoja akaniambia kwamba huko Kalemie, katika maktaba ndogo ya mtaa, kuna madaftari ya darasa la jioni la wafanyakazi wa reli wa zamani. Walikuwa wakifundishwa kuandika, na zoezi lao lilikuwa kueleza siku yao ya kazi, kwa Kiswahili chao wenyewe. Niliona kwamba nisipowasikia hao, kitabu changu hakitasimama. Nilikuwa na siku nne kabla ya ndege ya kurudi.

"Kaye?" mtunza maktaba aliuliza nilipomtajia madaftari, mswaki ukiwa hewani. "Nani alikuambia tuko na kaye?"

"Mwalimu mmoja, Papa. Wa Lubumbashi."

"Hm. Watu wa Lubumbashi wanajua mambo yetu kuliko siye." Akaangalia kabati lililofungwa kwa kufuli nyuma yake. "Ziko. Lakini karatasi zile zimekuwa kama ngozi ya kitunguu. Muntu akizishika vibaya, basi, zimekwisha. Nipe siku mbili nikuone kwanza."

Nikatafuta pa kukaa. Kule kwetu nilijua kiti changu, nilijua nani atacheka nikisoma sentensi mbaya. Hapa sikujua hata kama mtu anaruhusiwa kukohoa. Nilichagua kiti karibu na dirisha, na sikumaliza ukurasa mmoja kabla mwanamke mwenye mkoba wa chaki hajasimama mbele yangu, akiniangalia kwa upole wa kutisha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuja kila siku baada ya masomo.

"Mama, kiti hiki kina mwenyewe," alisema. Nilipoinuka akanishika bega. "Kaa, kaa. Mugeni njo muntu wa kuonea huruma."

Akaenda kwenye rafu ya tatu, akatoa kamusi bila kuitazama, kama mtu anavyochukua chumvi jikoni kwake. Nilimwonea wivu. Siku mbili nilimtazama akifanya hivyo, na siku mbili nilisoma chochote kilichokuwa karibu, nikigeuza kurasa kwa ncha za vidole ili Papa aone kwamba ninajua kugeuza kurasa.

Siku ya tatu asubuhi Papa alilazimika kwenda biro ya komine, ofisi ya serikali ya mtaa, kutafuta muhuri wa karatasi za maktaba. Aliniangalia kwa muda, akavaa koti lake. "Angalia nyumba, mama," akasema. "Nikichelewa, rudisha tu rafuni hivi nilivyosafisha."

Niliona hiyo ndiyo nafasi yangu. Vitabu vichache alivyosafisha nikavichukua mikononi, nikatazama rafu, na moyo ukaniuma. Kitabu cha usafi wa maji kilikuwa pembeni mwa kitabu cha sala, kikifuatwa na hesabu, kikifuatwa na ufugaji wa kuku. Hadithi za watoto zilikuwa kwenye rafu nne tofauti. Nikajiambia kwamba masikini mtu huyu amefanya kazi peke yake tangu mafuriko, hakupata wa kumsaidia. Nikakunja mikono ya blauzi. Nilishusha rafu zote sita. Nikapanga kila kitu kwa majina ya waandishi, kuanzia A. Nilifanya kazi hiyo saa tatu nzima huku nikiimba kwa sauti ndogo, nikiwaza jinsi atakavyofungua kabati kwa furaha.

Papa alirudi saa saba. Alisimama mlangoni na karatasi zake zenye muhuri, akatazama ukuta.

"Nimevipanga kwa alfabeti, Papa," nikasema. "Nilitaka kusaidia."

Kabla hajajibu, mwalimu aliingia, akaweka mkoba, akanyoosha mkono kwenye rafu ya tatu, akatoa, akafungua.

"Papa!" akapiga kelele. "Kamusi yangu imezaa kuku!" Akacheka peke yake, kisha akaona nyuso zetu, akakifunga kitabu.

Papa alikaa kwenye kigoda. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ziwa lilipoingia," alisema, "watu wa avenyu hii walikuja na maji kwenye magoti. Kila nyumba ilibeba vitabu vile mikono yao iliweza. Wakavianika juu ya mabati, juu ya mikeka ya samaki ndagala, pembeni ya jiko. Miezi mingi. Waliporudisha, niliweka vya kila nyumba pamoja. Pale vya fundi wa kushona. Pale vya mama wa mikate. Muntu hapa haulizi kitabu kiliandikwa na nani, mama. Anauliza kililala kwa nani."

"Orodha iko wapi, Papa? Nitavirudisha leo hii."

"Orodha ilikuwa ile rafu."

Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimefuta mtaa mzima kwa saa tatu, kwa nia njema na kwa wimbo. Usiku ule kwenye chumba nilichopanga nilihesabu kilichobaki: siku moja. Ningeweza kwenda asubuhi, kuomba msamaha, kuomba madaftari. Labda angenipa, kwa uchovu tu.

Asubuhi nilimkuta anafagia. "Papa, naomba beseni," nikasema. "Nitapita nyumba kwa nyumba. Wenyewe watavitambua."

"Na kaye zako? Ndege yako si kesho?"

"Sitakuwa na muda wa kaye."

Alinipa mabeseni mawili. Ilikuwa Jumamosi, na mwalimu akaja nami, akisema hawezi kukosa kuona mugeni akisomewa mashitaka yake.

Mama wa mikate alitupokea mikono ikiwa na unga. "Njo weye uliyevunja nyumba yangu?" akaniuliza. Nikasema ni mimi. Akachukua vitabu kimoja kimoja, akavinusa. "Hiki hapana. Hiki hapana. Hiki ndiyo! Nilikianika pembeni ya tanuru, ona kilivyoungua pembe." Alikiweka kando kama mtoto aliyepatikana sokoni, kisha akatupa chai. Fundi wa kushona alivitambua vyake kwa alama za chaki ya bluu. Dereva mstaafu wa treni alikataa vyote vya beseni la kwanza. "Changu kilikuwa kinene," alisema. "Kwa wiki tatu kilizuia mlango usigonge, ndiyo maana ninakikumbuka. Ndani sijui kiliandikwa nini." Mke wake akamjibu kutoka uani kwamba hata vile ambavyo havikuwa vinene hakuvisoma, na wakaanza kubishana, na mimi nikasimama hapo na beseni kichwani nikisikiliza jinsi wanavyokatizana maneno.

Kila kitabu kilichopata kwao, mwalimu aliandika jina la nyumba kwenye kikaratasi, nami nikakitia ndani ya jalada, kisha kitabu tukakirudisha rafuni pamoja na vya nyumba hiyo. Tulikwenda na kurudi mara nyingi sana. Hadi saa tisa mchana shingo yangu ilikuwa imekufa ganzi, na watoto wa avenyu walikuwa wameshaanza kunisalimia kwa jina la "Mama Beseni". Vitabu saba havikupata nyumba. Watu waliohama, alieleza mwalimu. Wengine wako Kabimba sasa, wengine hakuna anayejua.

Papa alipita rafu baada ya rafu akisoma vikaratasi. Vile saba akaviweka peke yake, mwisho wa rafu ya sita.

"Leo tuna orodha," alisema, kama anayejiambia.

Kisha akatoa ufunguo shingoni, akafungua kabati, akaweka mezani fungu lililofungwa kwa kitambaa cheupe. Alinionyesha mara moja jinsi ya kuinua ukurasa: kiganja chote chini yake, si vidole. Nilijaribu. Wino ulikuwa wa kahawia, herufi kubwa, zimeegemeana. Mtu fulani, usiku fulani wa zamani, alikuwa analalamika kwamba alipewa viatu vya kazi na vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto, na kwamba msimamizi alimwambia atembee kwa kuzunguka. Nikacheka kwa sauti. Hakuzungumza hata kidogo kama mimi.

"Jua litakupa saa mbili na nusu," Papa alisema. Alikuwa ameshavaa koti. "Mie naenda kula. Tangu asubuhi sijaonja bukari."

"Papa, unaniacha peke yangu nazo?"

"Kwani utazipanga kwa alfabeti?"

Mwalimu aliangua kicheko, akachukua mkoba wake na kutangulia nje. Papa alimfuata. Kwenye kizingiti aligeuka, akatazama meza, akatazama madirisha. Upepo wa ziwa ulikuwa unaanza kunyanyua pembe za kurasa. Akatoka, akavuta mlango nyuma yake taratibu mpaka ukafungika, na kurasa zikatulia.